UZI: Theodore Sedgwick, wakili aliyemtoa Mum Bett utumwani kwa hati ya kurudishia ng'ombe

Kurasa za Zamani (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Kila inapozungumzwa habari ya Mum Bett, mjakazi wa Massachusetts aliyempeleka bwana wake mahakamani mwaka 1781 akashinda, jina la wakili wake hutajwa mara moja kisha watu wanapita. Naomba tusimame hapo kwa wakili. Kesi ile ilishinda kwa sababu kuna mtu aliyejua hati gani ya kununua kwa karani wa mahakama, na miaka kumi baadaye mtu huyohuyo aliketi Bungeni akiongoza kamati ya kutunga sheria ya kuwakamata watumwa waliotoroka. Nitaanza na maisha yake, tuingie kwenye kesi, halafu siasa. Mwenye nyongeza aongeze.

Theodore Sedgwick alizaliwa Mei 1746 West Hartford, Connecticut. Baba alifariki mtoto akiwa bado mdogo, kaka mkubwa akabeba mzigo wa masomo yake. Alisoma Yale, akaondolewa kwa utovu wa nidhamu kabla ya kumaliza. Chuo kilikuja kumpa shahada yake mwaka 1772. Akajaribu kidogo masomo ya dini, akaacha, akaenda Great Barrington, magharibi mwa Massachusetts, kusomea sheria kwa wakili Mark Hopkins.

Wakati ule shule ya sheria haikuwepo katika makoloni yale. Kijana aliingia ofisini kwa wakili, akanakili hati kwa mkono mpaka akazijua kwa moyo, akasoma vitabu vichache vya Kiingereza vilivyokuwepo, akafuatana na mwalimu wake vikao vya mahakama. Mawakili wa kaunti wakiridhika naye, alipendekezwa na kuapishwa. Sedgwick aliapishwa Aprili 1766, hajatimiza miaka 20. Kwa hiyo elimu yake yote ilikuwa ya hati: ipi inafungua mlango gani, na ukikosea kuchagua unatupwa nje kabla hujasema neno. Shikeni jambo hilo, tutalirudia.

Akahamia Sheffield, mji wa jirani. Januari 1773 wakazi wa Sheffield waliunda kamati ya watu 11 kuandika malalamiko yao dhidi ya serikali ya Uingereza. Mwenyekiti alikuwa Kanali John Ashley, tajiri wa ardhi na jaji wa mahakama ya madai ya kaunti. Karani alikuwa Sedgwick, miaka 26. Azimio la kwanza lilisema kwamba wanadamu katika hali yao ya asili ni sawa, wako huru, hakuna aliye chini ya mwingine, na wana haki ya kufaidi maisha yao, uhuru wao na mali yao bila kusumbuliwa. Kikao kilifanyika nyumbani kwa Ashley. Na humo nyumbani kwa Ashley mlikuwa na watumwa, Bett akiwa mmojawapo.

---

Kurasa za Zamani

Naendelea na kesi yenyewe.

Bett alizaliwa takriban mwaka 1744 Claverack, New York, katika nyumba ya familia ya Hogeboom. Binti wa nyumba hiyo, Hannah, aliolewa na John Ashley, ndivyo Bett alivyofika Sheffield. Habari za maisha yake tunazipata zaidi kwa Catharine Maria Sedgwick, binti wa wakili, aliyelelewa na Bett na baadaye akawa mwandishi. Anasimulia kwamba siku moja Hannah Ashley alinyanyua koleo la jikoni lililokuwa limeungua moto, akataka kumpiga msichana aliyekuwa ndugu wa Bett. Bett akakinga kwa mkono. Kovu lilibaki maisha yake yote na hakulificha. Watu wakimuuliza limetoka wapi, aliwaambia wakamuulize bibi yake.

Mwaka 1780 Massachusetts ilipata katiba yake mpya, mwandishi wake mkuu akiwa John Adams. Ibara ya kwanza ilisema watu wote huzaliwa huru na sawa. Bett hakujua kusoma wala kuandika, ila masikio alikuwa nayo, na maneno yale yalisomwa na kujadiliwa hadharani. Akaenda kwa Sedgwick kuuliza kama hayamhusu na yeye.

Sedgwick alimuunganisha kwenye shauri na Brom, mtumwa mwingine wa Ashley. Maelezo ya kawaida ni kwamba mwanamke peke yake angepata shida kukubaliwa kama mdai. Akamwita pia Tapping Reeve wa Litchfield, Connecticut, ambaye mwaka 1784 alianzisha shule ya sheria maarufu mjini kwake. Kwa hiyo Bett alisimamiwa na vichwa viwili vizuri mno vya eneo lile.

Hatua zilikwenda hivi. Mahakama ya madai ya kaunti ya Berkshire ilitoa hati ya replevini, yaani hati ya kurudisha mali inayoshikiliwa na mwingine, ikimwamuru sherifu awachukue Brom na Bett kutoka mikononi mwa Ashley. Ashley akakataa, akisema ana haki ya utumishi wao kwa maisha yao yote. Ikatolewa hati ya marudio, Mei 28, 1781. Akakataa tena. Ndipo akaitwa kujibu mahakamani Great Barrington, kikao cha Agosti. Shauri lilisikilizwa na juri ikatoa uamuzi Agosti 21, 1781: Brom na Bett si watumishi halali wa Ashley wa maisha, na hawakuwa hivyo siku hati iliponunuliwa. Fidia shilingi 30, pamoja na gharama za kesi pauni 5, shilingi 14 na peni 4.

---

Tausi85

Asante sana mkuu kwa uzi. Nina swali. Kama alipigwa na koleo la moto, mbona hakushtaki kwa shambulio? Kovu lipo mkononi, ushahidi unaonekana kwa macho. Kwa nini kuzunguka na hati ya mali?

---

mpembuzi

Swali zuri, dada Tausi, na jibu lake ndilo roho ya kesi.

Replevini ni hati ya zamani ya Kiingereza. Asili yake ni mifugo. Mwenye ardhi anakudai kodi, anakuja anakamata ng'ombe wako na kuwafungia kama rehani. Wewe unasema hana haki. Unakwenda kununua hati, unaweka dhamana kwamba utaendesha kesi mpaka mwisho, na sherifu anawarudisha ng'ombe kwako wakati mgogoro unaendelea. Kuhusu kumtoa binadamu aliyezuiliwa kulikuwa na hati pacha yake, ya zamani vilevile. Kumbukumbu za Berkshire zinaitaja hii kwa jina la replevini tu.

Sasa angalia kinachotokea ukiwasilisha hati hiyo. Aliyeshika kitu ana njia mbili: akitoe, au aseme kwa haki gani anakishika. Kukaa kimya hakumsaidii. Ashley alisema "ni wangu", na aliposema hivyo akawa amejiwekea swali mwenyewe: wako kwa sheria ipi?

Linganisha na shambulio. Ukishtaki kwa shambulio, mdaiwa anajibu, "nilimwadhibu mtumishi wangu kwa kiasi." Juri inaweza kukwama kwenye kiasi cha kipigo, koleo lilikuwa la moto namna gani, msichana alikosa nini. Inaweza hata kukupa fidia ndogo kwa kuwa kipigo kilizidi, nawe ukarudi nyumbani kwa bwana yuleyule jioni hiyo. Umeshinda kesi, utumwa umebaki palepale.

Halafu tatizo la pili. Aliyepiga ni Hannah, anayedai umiliki ni John. Shambulio lingempeleka Bett kwa mtu ambaye siye anayemmiliki.

Njia ya shambulio ilitumika kwingine kipindi hichohicho. Quock Walker, kaunti ya Worcester, alipigwa na Nathaniel Jennison aliyedai kummiliki, akashtaki. Naye alishinda, lakini ilibidi mashauri kadhaa yanayopishana, mengine ya madai na moja la jinai, tangu 1781 mpaka Aprili 1783. Bett alimaliza ndani ya miezi michache.

---

Hakimu wa Mtaa

Naongezea kwa mpembuzi. Watetezi wa Ashley walikuwa John Canfield na David Noble. Walileta kile ambacho sisi tungekiita pingamizi la awali: shauri lifutwe, kwa kuwa wadai ni watumishi wake halali wa maisha na kwa hiyo hawawezi kumshtaki. Sedgwick na Reeve hawakulikwepa. Walijibu kwa sentensi moja: si watumishi wake wa maisha. Hapo pande zote mbili zikawa zimekubaliana kwamba swali la juri ni moja tu, hali ya watu hawa wawili. Wanafunzi wa sheria wanaosoma uzi huu, tazameni namna pingamizi la mdaiwa lilivyogeuka kuwa kesi yenyewe. Likikataliwa, mdaiwa hana pa kukimbilia.

---

Njia Panda

Nasoma kwa heshima, ila nina jambo. Hoja ya Sedgwick ninavyoielewa ilikuwa na miguu miwili: kwanza, hakuna sheria yoyote ya Massachusetts iliyowahi kuanzisha utumwa, sheria zilizopo zinautaja tu kama jambo lililokwishakuwepo, pili, hata kama ingekuwepo, katiba ya 1780 imeifuta.

Mguu wa kwanza mbona unachechemea? Massachusetts ndiyo koloni la kwanza la Kiingereza kule kuandika utumwa katika sheria. Mkusanyiko wa haki za mwaka 1641, kifungu cha 91, unakataza utumwa kisha unafungua mlango: isipokuwa mateka wa vita vya haki, na wageni wanaojiuza wenyewe au wanaouzwa kwetu. "Wanaouzwa kwetu" inamtosha kila mtumwa aliyeletwa na meli. Wakili aliyesoma asingeweza kutokujua hilo.

---

Kurasa za Zamani

Kaka Njia Panda, kifungu umekitaja sawasawa. Ila sheria za 1641 zilisimama juu ya hati ya kwanza ya koloni, na hati hiyo ilifutwa na mahakama ya London mwaka 1684. Hati mpya ilitolewa 1691. Wakili alikuwa na nafasi ya kusema kwamba sheria za zamani zilianguka pamoja na msingi wake, na kwamba kuanzia hapo hakuna bunge la jimbo lililokaa likatamka "mtu anaweza kuwa mtumwa". Zilitungwa sheria za kodi juu ya watumwa, sheria za kuwazuia kutembea usiku, sheria za dhamana kwa anayemwacha mtumwa huru. Zote zinauchukulia utumwa kuwa upo. Kuuchukulia kuwa upo na kuuanzisha ni mambo mawili.

Kama hoja ile ingesimama mbele ya jopo la majaji wakali, sina hakika ingeshinda peke yake. Ndiyo maana kulikuwa na mguu wa pili. Na mbele yao walikuwepo wakulima wa Berkshire, watu ambao miaka minane nyuma miji yao ilikuwa ikipitisha maazimio ya uhuru.

---

Bi Shamsa

Hapo kwenye juri nataka wasomaji wetu waelewe vizuri, maana kwetu tumezoea wazee wa baraza. Wazee wa baraza hutoa maoni, hakimu akawa na uamuzi wake. Juri ya Massachusetts haikuwa hivyo. Watu 12 wakazi wa kaunti, kiongozi wao katika shauri hili akiitwa Jonathan Holcomb, walitoa uamuzi uliofunga mahakama yenyewe. Na hawakutakiwa kueleza sababu.

Hiyo ni faida na hasara kwa pamoja. Faida: Ashley alikuwa amekaa kwenye benchi la mahakama hiyohiyo kama jaji hadi mwaka huo, na bado majaji wenzake hawakuwa na kura. Hasara: uamuzi usio na sababu haumfungi mtu mwingine. Bett na Brom walitoka. Mtumwa wa nyumba ya jirani alibaki mtumwa mpaka naye aende mahakamani, au bwana wake aogope.

Nimepiga hesabu ya zile pesa. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, shilingi moja peni 12. Fidia shilingi 30 ni peni 360. Gharama za kesi pauni 5, shilingi 14 na peni 4 ni peni 1,372. Yaani gharama zinakaribia mara nne ya fidia. Fidia ilikuwa ya jina tu. Kilichotafutwa ni ile sentensi ya kwanza ya uamuzi.

---

Tausi85

Ashley hakukata rufaa?

---

Hakimu wa Mtaa

Alikata, kwenda Mahakama Kuu ya jimbo. Kikao cha Oktoba 1781 akaiacha, akakubali hukumu. Sababu yake hakuiandika. Linaloonekana kwenye kalenda ni kwamba Septemba mwaka huo mahakama hiyohiyo ilikuwa imemalizana na mashauri ya madai ya Quock Walker huko Worcester, na Walker alitoka huru. Mtu mwenye akili za Ashley angeona upepo unavuma wapi. Tena angelazimika kusimama mbele ya majaji kupinga maneno ambayo kamati yake mwenyewe ilipitisha 1773 sebuleni kwake, na karani aliyeyaandika ndiye wakili wa upande wa pili.

Catharine Sedgwick anasema Ashley alimwomba Bett arudi afanye kazi kwa mshahara. Bett alikataa. Akachukua jina la Elizabeth Freeman, akaenda kufanya kazi ya kulipwa nyumbani kwa Sedgwick.

---

Kurasa za Zamani

Sasa siasa. Sehemu nyingine nitazipita haraka kwa kuwa ni orodha ya vyeo: Bunge la jimbo mara kadhaa kuanzia 1780, Seneti ya jimbo 1784 na 1785, Kongresi ya Bara (baraza la pamoja la majimbo kabla ya Katiba ya Marekani) 1785, 1786 na 1788. Mwaka 1785 alihamia Stockbridge.

Pa kukaa ni majira ya baridi ya 1786 hadi 1787. Wakulima wa magharibi mwa Massachusetts walikuwa wamelemewa na madeni na kodi, vyote vikidaiwa kwa sarafu ngumu ambayo hawakuwa nayo. Mkopeshaji anakwenda mahakama ya madai, anapata hukumu, sherifu anakuja kukamata ng'ombe na ardhi, na mdaiwa anaweza kufungwa. Kesi hizo ziliendeshwa na mawakili, Sedgwick mmoja wao. Wakulima wakaona dawa ni kuzuia mahakama zisikae. Walizifunga Northampton, Great Barrington na kwingine. Ndiyo yale maasi yanayoitwa kwa jina la Daniel Shays.

Februari 27, 1787 kundi lililoongozwa na Perez Hamlin lilivuka kutoka New York likaingia Stockbridge na kupora nyumba za wakubwa. Sedgwick alikuwa Boston. Nyumbani alikuwepo Elizabeth Freeman. Alificha vyombo vya fedha vya familia ndani ya sanduku lake binafsi, na wanaume wale walipolifikia aliwaaibisha kwa maneno, kwamba wao watu wakubwa wanapekua sanduku la mwanamke mtumishi, mpaka wakaliacha. Kundi likaelekea Sheffield, na huko likavunjwa na wanamgambo wa Kanali John Ashley mdogo, mtoto wa yule Ashley wa kesi.

Baada ya hapo Sedgwick alikuwa na imani moja kisiasa: serikali yenye nguvu katikati, madeni yalipwe, mahakama zikae. Aliingia mkutano wa jimbo wa kuridhia Katiba ya Marekani, Februari 1788, ikapita kwa kura 187 dhidi ya 168. Mwaka 1789 akaingia Bunge la Wawakilishi la kwanza la Marekani.

Humo alikuwa mkono wa Alexander Hamilton, waziri wa fedha. Hamilton alitaka serikali ya shirikisho ibebe madeni ya vita ya majimbo. Aprili 1790 pendekezo lilianguka kwa kura 31 dhidi ya 29, na Sedgwick alilipuka kwa hasira ukumbini, kwa kuwa Massachusetts ilikuwa miongoni mwa majimbo yenye deni kubwa na kodi za kulilipa ndizo zilizowasha maasi niliyoyasema. Lilipita Julai. Akawa seneta 1796, akaunga mkono Sheria ya Uchochezi ya 1798 (iliyoadhibu maandishi ya kuikashifu serikali), akarudi Bunge la Wawakilishi akachaguliwa Spika Desemba 1799.

Alikuwa Spika mkali. Aliwanyima waandishi wa habari nafasi ya kuandikia ndani ya ukumbi, kura zilipolingana akiamua kwa kura yake. Na ndiye aliyekuwa kitini Februari 1801 Thomas Jefferson na Aaron Burr walipolingana kura za urais, Bunge likalazimika kuchagua: duru 36 za kura, kuanzia Februari 11 hadi 17, Massachusetts ikimpigia Burr katika zote.

---

mpembuzi

Mkuu umepita haraka kwenye jambo moja ambalo mimi nisingelipita. Novemba 1791 Bunge la Wawakilishi liliunda kamati ya watu watatu kuandaa muswada kuhusu wahalifu na watumwa waliokimbilia jimbo jingine. Mwenyekiti: Theodore Sedgwick. Wenzake walikuwa Shearjashub Bourne wa Massachusetts na Alexander White wa Virginia. Muswada wao haukupita. Sheria iliyokuja kupita iliandaliwa Seneti, Bunge la Wawakilishi likaipitisha kwa kura 48 dhidi ya 7, na Rais Washington akaisaini Februari 12, 1793.

Tazama sheria hiyo ilivyofanya kazi. Mwenye mtumwa au wakala wake anamkamata mtu mwenyewe, bila hati. Anampeleka kwa jaji wa shirikisho au hakimu yeyote wa eneo. Anatoa ushahidi wa mdomo au hati ya kiapo iliyoapwa huko alikotoka. Hakimu akiridhika anatoa cheti, na cheti hicho kinatosha kumsafirisha. Juri hakuna. Aliyekamatwa hakupewa popote nafasi ya kujibu. Atakayemzuia mkamataji au kumficha mtoro, faini dola 500.

Weka kando ya kesi ya Bett. Kule sherifu aliamriwa kumtoa mtu; huku mdai anamkamata mwenyewe. Kule mdaiwa alilazimika kutaja haki yake mbele ya watu 12. Huku anatosha mtu mmoja na karatasi ya kiapo. Kila chombo kilichomwokoa Bett kimeondolewa, na aliyeongoza kamati ya kwanza ndiye aliyevijua vyombo hivyo kuliko karibu wabunge wote.

---

Njia Panda

Hapo naona tumhukumu. Hakuna tafsiri nyingine.

---

Kurasa za Zamani

Mpembuzi yuko sahihi na nakubali nililiruka lisilorukwa. Lakini kabla ya hukumu, kaka, tuangalie alivyowaza, maana ndivyo utakavyowaelewa wengi wa kizazi kile.

Katiba ya Marekani, ibara ya 4, ilishasema mtoro wa utumishi atarudishwa kwa mwenye kumdai. Sedgwick aliichukulia hiyo kama mkataba kati ya majimbo, na mkataba kwake ulikuwa kitu cha kulipwa, kama deni. Massachusetts hakukuwa na sheria inayomshika Bett, basi Bett yuko huru. Virginia sheria hiyo ilikuwepo, basi mtu wa Virginia arudishwe. Katika mambo yote mawili anauliza swali moja: karatasi inasemaje? Binafsi naona hapo ndipo alipoanguka, kwa sababu Bett alipokwenda ofisini kwake aliuliza kuhusu neno "wote", hakuuliza kuhusu Massachusetts.

Na alikuja kusogea. Mwaka 1802 aliteuliwa jaji wa Mahakama Kuu ya Massachusetts, akakaa hapo mpaka kufa. Mwaka 1810 lilikuja shauri la Greenwood dhidi ya Curtis: deni lililotokana na biashara iliyofanyika Rio Pongo, pwani ya Afrika Magharibi, ambapo sehemu ya malipo ilikubaliwa kuwa watu. Wenzake, wakiongozwa na Jaji Mkuu Parsons, waliruhusu deni lidaiwe. Sedgwick aliandika maoni ya kupingana nao: mahakama ya jimbo lake isiukazie mkataba uliotoka kwenye biashara ya binadamu. Yule mtu wa mikataba, miaka 64, alikuta mkataba mmoja asioweza kuukazia.

---

Njia Panda

Hilo la 1810 sikulijua. Linabadilisha picha, ingawa sheria ya 1793 ilishakuwa inafanya kazi miaka 17.

---

Bi Shamsa

Naomba nisahihishe mambo yanayozunguka mitandaoni, kabla mtu hajanakili makosa.

Husemwa kesi ya Bett "ilifuta utumwa Massachusetts". Haikufuta. Ilikuwa ya kwanza kushinda kwa kutegemea katiba ya 1780, na hilo linatosha kuwa kubwa. Maneno mazito ya kimahakama yalitoka Aprili 1783, Jaji Mkuu William Cushing alipoiambia juri katika shauri la jinai dhidi ya Jennison kwamba utumwa haupatani na katiba ya jimbo. Hata baada ya hapo hakuna sheria ya bunge iliyotungwa. Mabwana waliona hawana tena mahakama ya kuwasaidia, wengine wakawaita watumwa wao "watumishi", wengine wakawauza nje ya jimbo kabla ya kunyang'anywa. Sensa ya 1790 iliandika sifuri kwenye safu ya watumwa wa Massachusetts.

Kosa jingine: kwamba Bett alibaki mtumishi asiye na kitu. Alikuwa mkunga na muuguzi aliyetafutwa na majirani, akaweka akiba, akanunua nyumba na ardhi yake mwenyewe Stockbridge. Picha yake ndogo ya rangi, iliyochorwa 1811 na Susan Ridley Sedgwick, mke wa mtoto wa Theodore, imehifadhiwa na Jumuiya ya Historia ya Massachusetts. Amevaa mkufu wa shanga za dhahabu.

Na Brom jamani. Alikuwa mdai wa kwanza, jina lake ndilo linaloanza katika kichwa cha shauri. Tukiandika, tuandike majina yote mawili.

---

Tausi85

Nimeelewa sasa kwa nini hati ya mali. Swali la mwisho: mahali penyewe pamebaki? Mtu aliye Marekani anaweza kupaona?

---

Hakimu wa Mtaa

Anaweza. Nyumba ya Ashley, iliyojengwa 1735, ni makumbusho sasa, katika kijiji cha Ashley Falls ndani ya Sheffield; miaka ya 1930 ilisogezwa kidogo kutoka ilipokuwa, kwa hiyo usishangae ukiona msingi hauendani na michoro ya zamani. Sheffield yenyewe kuna sanamu ya shaba ya Elizabeth Freeman iliyozinduliwa Agosti 21, 2022, tarehe ileile ya uamuzi wa juri.

Kisha aende makaburi ya Stockbridge. Sedgwick alifariki Boston Januari 24, 1813, akarudishwa kuzikwa huko. Kaburi lake liko katikati, na wanawe, wajukuu na vitukuu wamezikwa kumzunguka kwa miduara. Elizabeth Freeman, aliyefariki Desemba 28, 1829, yuko ndani ya mduara huo, jirani na Catharine, akiwa mtu pekee humo asiye wa ukoo. Jiwe lake linasema alizaliwa mtumwa na akabaki mtumwa karibu miaka 30, kwamba hakujua kusoma wala kuandika, lakini katika nafasi yake hakuwa na wa kumzidi wala wa kulingana naye. Mstari wa mwisho unamuaga kwa kumwita mama mwema.